FreeBSD, OpenBSD au NetBSD: Ufuatilie Habari za Mfumo Upi?

Msomaji aliyezoea Linux, ambaye sasa anataka kufuatilia habari za mifumo endeshi huria ya ukoo wa BSD, hukutana mapema na swali la kuchagua. Katika Linux, distro (matoleo ya wasambazaji mbalimbali) kama Debian na Fedora hutumia kiini kimoja, yaani programu ya ndani kabisa inayoiongoza mashine, kwa hiyo habari kubwa ya kiini ni habari ya wote. Katika BSD mambo ni tofauti: FreeBSD, OpenBSD na NetBSD kila mmoja una kiini chake, maktaba zake, amri zake na kurasa zake za mwongozo, na vyote hivyo hutunzwa pamoja na kundi moja la wasanidi katika hazina moja ya msimbo. Anayefuatilia mfumo mmoja kwa bidii anaweza kupitwa kabisa na jambo kubwa lililotokea katika mwingine. Kuifuatilia yote mitatu kwa kina, huku mtu ana ajira au masomo, ni mzigo usiobebeka kwa muda mrefu.

Naanza kwa kutaja msimamo wangu ili msomaji aupime anapoendelea. Naamini kwamba mtu asiye na sababu ya kikazi inayomfunga aanze na OpenBSD. Kwamba msimamizi wa seva na hifadhi kubwa za data aanze na FreeBSD. Na kwamba NetBSD, ambayo naipenda sana, ndiyo inayomfaa zaidi yule anayevutwa na mashine zenyewe, zikiwemo zile ambazo dunia imekwisha kuzisahau.

Mifumo yote mitatu ina asili moja. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianza mwaka 1978 kusambaza nyongeza zake za Unix, mfumo endeshi uliobuniwa katika kampuni ya simu ya Marekani, na toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 ndilo lililoeneza utaratibu wa mawasiliano ya mtandao ambao intaneti ya leo bado inautegemea. Mwaka 1992 William na Lynne Jolitz walitoa 386BSD kwa ajili ya kompyuta za kawaida za Intel, na mwaka uliofuata makundi mawili yaliyotaka kwenda kasi zaidi yakaanzisha NetBSD na FreeBSD. Wakati huohuo kesi iliyofunguliwa na tawi la AT&T kuhusu umiliki wa msimbo wa Unix ilikuwa mahakamani, na haikumalizwa hadi mwaka 1994; kwa miaka hiyo miwili watu wengi waliogopa kuigusa BSD, na Linux ikapata nafasi ya kukua. OpenBSD ilizaliwa mwaka 1995, baada ya Theo de Raadt, mmoja wa waanzilishi wa NetBSD, kutengana na wenzake na kuanzisha mradi wake huko Calgary, Kanada.

Mwendo wa habari

Kigezo cha kwanza ninachokipa uzito ni mwendo, kwa sababu habari zinazokuja bila mpangilio huchosha na hatimaye huachwa. Hapa OpenBSD inawashinda wenzake kwa mbali. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita au karibu na hapo, na kila toleo huja na orodha ndefu ya mabadiliko iliyoandikwa kwa sentensi fupi ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa jioni moja. Msomaji anayetaka kutumia muda mdogo kabisa anaweza kusoma orodha hizo mbili kwa mwaka, pamoja na ukurasa wa masahihisho ya usalama, na bado akawa anajua mradi unaelekea wapi.

FreeBSD ina mwendo wa aina nyingine. Matoleo yake makubwa hupishana kwa zaidi ya miaka miwili: 13.0 ilitoka Aprili 2021, 14.0 ikatoka Novemba 2023, na 15.0 ikafuata Desemba 2025, huku matoleo madogo yakitolewa katikati. Lakini uti wa mgongo wa habari zake ni ripoti za robo mwaka, ambamo vikundi vya wasanidi hueleza wenyewe walichokamilisha, kilichokwama na wanachohitaji kusaidiwa. Nazithamini sana ripoti hizo, kwa kuwa zinamwonyesha msomaji kazi ikiwa bado haijakamilika. Mtu anaweza kuona kifaa cha Wi-Fi kikitajwa katika ripoti moja kuwa hakijatengemaa, akakifuatilia hadi kinapoanza kufanya kazi. Upo pia mwongozo mkubwa wa mfumo na jarida la FreeBSD Foundation, taasisi inayoufadhili mradi, vyote vya kusomwa bila malipo.

NetBSD huenda polepole. NetBSD 9.0 ilitoka Februari 2020 na 10.0 ikatoka Machi 2024, yaani miaka minne baadaye. Hata hivyo, asidhani msomaji kwamba katikati hapo palikuwa kimya. Mkusanyiko wa programu za NetBSD uitwao pkgsrc, ulioanza mwaka 1997, hufungua tawi jipya kila baada ya miezi mitatu, na kwa kuwa pkgsrc hufanya kazi pia juu ya Linux na macOS, mtu anaweza kunufaika na habari hizo bila hata kuisimika NetBSD yenyewe.

OpenBSD: habari zinazokuja na sababu zake

Nimesema kwamba OpenBSD ndiyo chaguo langu kwa msomaji wa kawaida, na sababu kubwa si ratiba yake. Ni kwamba matunda yake humfikia hata yule asiyeitumia. OpenSSH, programu ambayo wasimamizi wa seva duniani kote huitumia kuingia katika mashine za mbali, ilitolewa kwa mara ya kwanza pamoja na OpenBSD 2.6 mwezi Desemba 1999. Njia ya kuhifadhi manenosiri iitwayo bcrypt, inayotumiwa na tovuti nyingi sana, ilitoka hukohuko. Msingi wake ni usimbaji fiche wa Blowfish, na ndiyo maana alama ya mradi ni samaki bunju mwenye miiba. Programu ya kuchuja mawasiliano ya mtandao iitwayo pf iliandikwa mwaka 2001, baada ya kutokea mgogoro wa leseni kuhusu programu iliyokuwa ikitumika kabla yake, kisha ikahamia FreeBSD na hata katika mifumo ya Apple.

Jambo la pili ni kwamba karibu kila badiliko la OpenBSD lina hoja inayoweza kufundisha. Chukua amri ya mfumo iitwayo pledge, iliyoingia katika toleo la 5.9 mwaka 2016. Programu inapoanza hutangaza kwa kiini aina za kazi itakazohitaji, kwa mfano kusoma faili na kuandika kwenye skrini tu. Ikijaribu baadaye kufungua mawasiliano ya mtandao, kiini huiua papo hapo, kwa sababu programu inayovunja ahadi yake huenda imetekwa na mvamizi. Miaka miwili baadaye ikafuata unveil, ambayo huificha programu isione sehemu za hifadhi zisizoihusu. Tangu toleo la 6.2 la mwaka 2017, kiini chenyewe huunganishwa upya kwa mpangilio wa nasibu kila mashine inapowashwa, hivi kwamba mvamizi aliyeijua mashine moja hawezi kuzitumia anwani zilezile za kumbukumbu katika mashine nyingine. Anayesoma habari hizi kwa mwaka mmoja hujifunza usalama wa kompyuta kwa mifano hai.

Katika OpenBSD, kuondoa kitu ni habari sawa na kuongeza. Msimbo wa Bluetooth uliondolewa mwaka 2014 kwa kuwa haukuwa na mtu wa kuutunza ipasavyo. Mwezi Juni 2018 mradi ulizima kwa chaguo-msingi uwezo wa vichakataji vya Intel wa kuendesha nyuzi mbili za kazi kwa pamoja katika kitengo kimoja cha kichakataji (core), kwa hofu kwamba siri zingeweza kuvuja kati ya nyuzi hizo. Wengi waliona ni woga uliopitiliza, lakini miezi miwili baadaye ukatangazwa udhaifu wa Foreshadow, ambao ulihusu hasa kumbukumbu inayoshirikiwa na nyuzi hizo. Baada ya janga la Heartbleed mwezi Aprili 2014, kasoro iliyoweza kuvujisha siri za seva kupitia OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, wasanidi hawa waliichukua maktaba hiyo, wakaanza kuifyeka, na katika wiki ya kwanza pekee wakafuta zaidi ya mistari 90,000 ya msimbo wa C. Zao la kazi hiyo ni LibreSSL. Hapa pana funzo ambalo msomaji hatalipata kwa urahisi katika habari za programu za kibiashara, ambako kila tangazo ni la kilichoongezwa.

Upande wa mambo ya kuvutia pia haukosi. Kwa miaka mingi, kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2001, matoleo yaliambatana na mchoro na wimbo uliotungwa mahususi, mara nyingi ukisimulia ugomvi wa leseni au wa nyaraka za vifaa uliotokea katika miezi iliyotangulia. Kwa hiyo nyimbo hizo ni kumbukumbu halisi ya historia ya mradi. Mwezi Januari 2014 mradi uliomba msaada hadharani ili kulipa umeme wa seva zake, gharama iliyokuwa ikikaribia dola 20,000 kwa mwaka. Habari hiyo ilinihuzunisha, na bado inanihuzunisha ninapofikiria ni mashirika mangapi tajiri yanayoitegemea OpenSSH kila siku.

Kasoro zake zipo na si ndogo. Mradi huhudumia kwa viraka vya usalama matoleo mawili ya karibuni tu, kwa hiyo anayeutumia hana budi kuhamia toleo jipya angalau mara moja kwa mwaka. Amri ya sysupgrade, iliyoingia mwaka 2019, imeirahisisha sana kazi hiyo, lakini wajibu upo palepale. Mijadala ya wasanidi huwa mikavu na wakati mwingine mikali. Anayeuliza swali ambalo jibu lake limo katika kurasa za mwongozo ataelekezwa huko bila maneno ya kubembeleza. Kurasa hizo, hata hivyo, ni bora kuliko nyingine zote nilizopata kuzisoma.

FreeBSD: habari za kazi kubwa

Mtu ambaye riziki yake inategemea seva atapata mengi zaidi katika FreeBSD. Mfumo huu uliingiza utaratibu wa vizimba vya kutenga programu ndani ya mashine moja, uitwao jail, katika toleo la 4.0 la mwaka 2000, yaani miaka mingi kabla ya kontena kuwa gumzo katika Linux. Ulipokea mfumo wa faili wa ZFS mwaka 2007, na tangu hapo ZFS imekuwa sababu kuu ya watu kuuchagua kwa ajili ya hifadhi, kwa sababu hukagua usahihi wa kila kipande cha data kinaposomwa na huruhusu kupiga picha ya hifadhi nzima kwa sekunde chache kabla ya mabadiliko yenye hatari. Mashine pepe huendeshwa na bhyve, iliyoingia katika toleo la 10.0 mwezi Januari 2014.

Uzuri wa habari za FreeBSD ni kwamba mara nyingi zina vipimo vya kazi halisi. WhatsApp, ambayo kwetu Afrika Mashariki imekuwa njia ya mawasiliano ya familia, vikoba na ofisi, ilijengwa katika miaka yake ya mwanzo juu ya FreeBSD, na mwezi Januari 2012 wahandisi wake walieleza jinsi walivyofikisha zaidi ya miunganisho milioni 2 katika seva moja. Mwaka 2014 mwanzilishi mwenza Jan Koum aliipa FreeBSD Foundation dola milioni 1, akisema kwamba ujuzi wa mfumo huo ulimsaidia kupata kazi Yahoo na kutoka katika umaskini. Netflix nayo husambaza video zake kwa seva za FreeBSD, na mwaka 2021 mhandisi wake alionyesha seva moja ikituma gigabiti 400 kwa sekunde za data iliyosimbwa. Kazi ya aina hiyo hurudishwa katika msimbo wa wote na kuelezwa kinagaubaga katika mikutano, kwa hiyo msomaji hupata pia njia iliyotumika na vikwazo vilivyokutwa.

Tukio moja linaonyesha vizuri tofauti ya tabia kati ya mifumo hii miwili. OpenBSD ilitoa WireGuard, utaratibu wa kujenga mtandao binafsi uliosimbwa (VPN), ndani ya kiini katika toleo la 6.8 la mwaka 2020. FreeBSD nayo ilikuwa imeingiza toleo lake kwa ajili ya 13.0, lakini mwezi Machi 2021, wiki chache kabla ya kutolewa, msimbo huo ulionekana kuwa na kasoro nyingi za ubora, mabishano makali yakazuka hadharani, na ukaondolewa. WireGuard ilirudi katika kiini cha FreeBSD ikiwa imeandikwa upya, katika toleo la 13.2 la mwaka 2023. Aliyefuatilia sakata hilo alijifunza jinsi mradi mkubwa wenye wafadhili na wasanidi wengi unavyokagua, au unavyoshindwa kukagua, kazi inayoingia. Na alijua mapema kwamba hakupaswa kuutegemea msimbo ule kazini.

Kwa mtumiaji wa kompyuta mpakato, FreeBSD kwa muda mrefu ilikuwa nyuma katika Wi-Fi na katika kulaza mashine ili kutunza betri. FreeBSD Foundation sasa imelipa eneo hilo kipaumbele na fedha, na mwaka 2024 Sovereign Tech Fund ya Ujerumani iliongeza ufadhili wa euro 686,400 kwa ajili ya miundombinu ya mradi. Hizi ni habari ninazomshauri hata mfuasi wa OpenBSD azitupie jicho. Mwenye kompyuta kuukuu, kwa upande mwingine, ajue kwamba kuanzia 15.0 FreeBSD imeacha kutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Intel za biti 32. Kwake yeye habari za FreeBSD zitazidi kuwa za kusoma tu.

NetBSD: mashine zilizosahauliwa na maswali ya mbali

NetBSD huendeshwa katika aina zaidi ya 50 za mashine, kuanzia seva za leo hadi kompyuta za kale za VAX na Amiga na kifaa cha michezo cha Dreamcast. Mwaka 2005 kampuni ya Technologic Systems iliiweka ndani ya kibaniko cha mkate kilichotawaliwa na bodi ndogo ya ARM, na kibaniko hicho bado hutajwa mradi unapozungumziwa. Ni rahisi kuyaona mambo haya kuwa mchezo, lakini yana faida ya kiufundi iliyo wazi: msimbo unaolazimika kufanya kazi katika vichakataji vinavyopanga baiti kwa mpangilio tofauti hufichua makosa ambayo katika Intel pekee yangejificha kwa miaka. Utaratibu wake wa build.sh humwezesha mtu kutengeneza mfumo mzima kwa ajili ya mashine ya kale akiwa juu ya kompyuta ya kisasa ya Linux.

Mwendo wa polepole wa NetBSD hauna maana ya kuchelewa kufikiri. Saa ya Unix ya biti 32, inayohesabu sekunde, itajaa tarehe 19 Januari 2038 na kushindwa kuendelea kuhesabu. NetBSD ilihamia saa ya biti 64 katika mashine zake zote kwa toleo la 6.0 la mwaka 2012, na OpenBSD ikafanya hivyo mwaka 2014. Mwezi Mei 2024 mradi uliweka kanuni kwamba msimbo uliotungwa na modeli kubwa za lugha huchukuliwa kuwa na dosari ya hakimiliki, hivyo hauwezi kuingizwa bila idhini ya maandishi ya kundi kuu. Ukikubaliana nao au usikubaliane, walilitolea swali hilo jibu wakati wengi walikuwa bado wanalikwepa.

Udhaifu wake ni uchache wa watu. Wiki inaweza kupita bila jambo la maana kwa mtumiaji wa kawaida, na vifaa vipya vya Wi-Fi huchelewa kupata viendeshi. Ukiuchagua mfumo huu kama chanzo chako cha kwanza cha habari, uwe tayari kusoma kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo moja kwa moja, kwa maana humo ndimo mengi yalimo.

Habari ya Linux ikisomwa kutoka upande wa BSD

Kuna wanaouliza kwa nini mtumiaji wa Linux ajisumbue na yote haya. Mwaka 2024 ulitoa majibu mawili. Mwezi Machi uligunduliwa mlango wa nyuma uliopandikizwa katika xz, maktaba ya kubana data, ukiilenga huduma ya SSH ya kuingia katika mashine za mbali. OpenSSH yenyewe haitumii maktaba hiyo. Iliingizwa na baadhi ya distro za Linux zilipoongeza kiraka cha kuiunganisha OpenSSH na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo. Mwezi Julai ukatangazwa udhaifu wa regreSSHion, ambao safari hii ulikuwa kosa ndani ya OpenSSH yenyewe, lakini OpenBSD haikudhurika kwa sababu tangu mwaka 2001 ilikuwa na namna salama ya kuandika kumbukumbu za mfumo wakati ishara ya dharura inapokatiza programu. Aliyekuwa akiijua OpenBSD alielewa siku hiyohiyo kwa nini mashine yake ya Linux imo hatarini.

Namna ya kuamua

Jiulize kwanza kama unataka habari ambazo zitakulazimu kutenda. Ikiwa una seva inayotumiwa na watu, hitaji lako la kwanza ni matangazo ya usalama ya mfumo ulio nao, na kwa wengi walio katika ukoo huu mfumo huo ni FreeBSD. Jiunge na matangazo hayo leo, kisha usome ripoti ya robo mwaka inapotoka. Ikiwa unataka kujifunza, chukua orodha ya mabadiliko ya toleo la karibuni la OpenBSD, chagua mambo matatu usiyoyaelewa, na uyatafute katika kurasa za mwongozo. Ikiwa una mashine ya zamani kabatini ambayo hakuna mfumo mwingine unaoikubali, NetBSD imeshakuchagua.

DragonFly BSD, iliyoanzishwa na Matthew Dillon mwaka 2003 kutoka FreeBSD 4, sikuipa sehemu yake kwa sababu habari zake ni chache mno kuwa chanzo pekee. Anayependa mifumo ya faili asome kuhusu mfumo wake uitwao HAMMER2 kisha aendelee na safari yake.

Kwa wale ambao bando ni gharama ya kuhesabiwa, tofauti kati ya mifumo hii mitatu ni ndogo, maana karibu kila kitu ni maandishi matupu yanayofunguka hata kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Kinachokula data ni video za mikutano: BSDCan, inayofanyika Ottawa tangu mwaka 2004, na EuroBSDCon, inayohama mji kwa mji barani Ulaya tangu mwaka 2001. Mada nyingi za mikutano hiyo huwekwa pia kama slaidi au makala, na kwa kuwa wasanidi wa mifumo yote mitatu hukutana humo, kupitia ratiba zake mara mbili kwa mwaka kunatosha kujua yanayoendelea katika ile miwili ambayo hukuichagua.